Mkalimani wa Askofu Nikandro

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Waingereza, zama kanisa lao lilipokuwa bado changa, aliishi mtawa aliyeitwa Tilberti. Hata alipokuwa mkongwe, kila alipomtaja marehemu bwana wake Nikandro, machozi yalimlengalenga.

Nikandro alikuwa mtawa wa Kiyunani, aliyetoka mbali upande wa mashariki akiwa tayari na mvi, akafanywa askofu mkuu wa nchi ile ya ukungu. Lugha ya watu hakuijua. Alinena Kilatini, na Tilberti ndiye aliyemfasiria. Miaka kumi na mmoja walizunguka pamoja juu ya farasi. Njiani mzee alimhadithia mizeituni ya kwao, na mama yake akichovya mkate katika mafuta mapya, mpaka Tilberti akaitamani nchi asiyowahi kuiona.

Ikatokea Nikandro akamwondoa Mama Hildigithi katika uongozi wa nyumba ya watawa, kwa kuambiwa kwamba amefuja chakula cha maskini. Mama yule hakulalamika. Alikaa jikoni akisaga nafaka na watumishi, akimngojea Mola wake. Baada ya mwaka, ikadhihirika kuwa ulikuwa uzushi mtupu.

Askofu akawakusanya wakuu wote, akamsimamisha mama yule mbele yao, akasema kwa Kilatini: “Nimekudhulumu. Nilihukumu kabla ya kukusikiliza. Nisamehe.”

Tilberti akafadhaika. Alichelea heshima ya bwana wake isiporomoke hadharani. Akafasiri: “Askofu asema, palikuwa na kutoelewana kidogo, na sasa yamekwisha.”

Nikandro akamtazama kwa upole. Kisha akapiga magoti, na kwa Kiingereza cha kuungaunga akasema mwenyewe: “Mimi kosa. Mama hapana kosa. Mimi omba samahani.”

Mama Hildigithi akamshika mikono. “Inuka, baba. Nilikusamehe siku ile ile.”

Walipotoka, Tilberti akasema, “Baba, nilitaka kukusitiri tu.”

“Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilijifunza maneno yale kwa mwoka mikate, wiki nzima. Nilijua moyo wako utanionea huruma.”

Tilberti alikuwa akisema kwamba mahubiri yote aliyoyafasiri kwa ufasaha watu waliyasahau, ila maneno yale mabovu waliwarithisha watoto wao. Nasi, ndugu zangu, tumwombe Mungu atujalie ulimi wa kukiri, na subira ya mama yule aliyesamehe kabla hajaombwa.