Msamaha Uliokosa Mwenyewe

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kusemezana na fisi. Ni zamani ya juzijuzi, ambayo mama yangu mzazi aliiona kwa macho yake. Kaeni vizuri. Anayetaka hadithi ya kucheka aende jikoni akawasaidie wanaomenya ndizi, maana hii haina kicheko.

Palikuwa na kijiji huko milimani Upare, na juu ya kijiji palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo. Usiku kucha linakusanya maji ya chemchemi, alfajiri linazibuliwa, maji yanateremka kwa mfereji kwenda mashambani. Chini ya ukuta wake kuna tundu moja, limezibwa kwa mti mrefu. Mti ukiwa ndani, maji yanakaa. Mti ukitoka, maji yanashuka. Mlinzi wa ndiva aliitwa Mbazi. Kila alfajiri Mbazi alikwenda kuung'oa mti, na mvua ikizidi aliung'oa hata mara mbili kwa siku ili ukuta usielemewe.

Kijiji kilikuwa na kanisa la bati, na kanisa lilikuwa na mwinjilisti, jina lake Elinihaki. Mchungaji alipanda mlima mara moja kwa miezi mitatu kuleta Meza ya Bwana. Siku nyingine zote kundi lilikuwa mikononi mwa Elinihaki. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya. Aliwazika maskini bila kuchagua, na mahindi ya shamba lake yaliliwa na wajane kabla hayajaliwa na watoto wake. Ila alikuwa na jambo moja: ibada kwake ilikuwa kama yai, isiguswe, isitikiswe. Maombi yakianza, mlango umefungwa hata kama uko wazi. Aliyechelewa alisimama kizingitini, kichwa chini, mpaka asikie Amina. Watoto wa kijiji kile walilijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Jumapili moja Mbazi alitoka ndivani moja kwa moja, akaingia kanisani na tope hadi magotini. Mwinjilisti akamsimamisha mbele ya watu wote.

"Mzee Mbazi, siku sita hazikukutosha? Siku ya Bwana nayo unamletea Bwana tope?"

Watu wakacheka chinichini, na wajukuu wa Mbazi wakamwona babu yao anavyochekwa. Tangu siku hiyo Mbazi hakuigusa ndiva Jumapili. Mti aliuchomeka Jumamosi jioni, akaurudia Jumatatu.

Sasa nendeni nami chini, pale mfereji unapopita. Palikuwa na nyumba ya Kiondo na mkewe Nanzighe. Mama yake Kiondo alikuwa amepooza, hageuki kitandani ila ageuzwe, halishiki bakuli ila ashikiwe. Aliyemgeuza ni Nanzighe. Aliyemshikia ni Nanzighe. Kiondo aliimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo Jumapili ikifika Kiondo alikwenda kanisani, Nanzighe akabaki. Jumapili ya kwanza watu waliulizia habari zake. Ya pili wakanong'ona. Ya tatu Mwinjilisti akaliweka jina lake kati ya waliopoa imani, wa kuombewa.

Ya nne ndiyo hii ninayowasimulia.

Usiku wake mvua ilikuwa imepiga mlima bila kupumzika. Asubuhi Mbazi alitoka uani, akainua macho, akaona maji ya ndiva yamefika ukingoni kabisa. Aliyaona, nawaambia. Akayatazama, akatazama viatu vyake alivyokwisha kuvipaka rangi. Akasema moyoni, "Leo mwenye siku yake ailinde mwenyewe, mimi nilishakatazwa." Akaenda kanisani na miguu safi.

Nyuma yake alikuja Nakijwa. Huyu alikuwa shoga yake Nanzighe, wameolewa mwaka mmoja, wamechota maji njia moja. Alikuwa amechelewa kwa kukamua ng'ombe, na njia yake ilipita chini ya ukuta wa ndiva. Akaona maji yanatoka chini ya ukuta, manene kama mkono wa mtu, mekundu. Akaukimbilia mti, akauvuta, akauvuta tena mpaka viganja vikachubuka. Mti haukusogea. Akawaza: niteremke kwa Nanzighe? Wanawake wawili na mgonjwa, tutafika wapi? Kanisani kuna wanaume arobaini, na kanisa liko karibu zaidi. Akakimbia. Hapo hakukosea, au alikosea? Ngojeni kwanza.

Alipofika mlangoni, macho yote yalikuwa yamefumbwa. Mwinjilisti alikuwa anaomba.

Na Nakijwa akasimama. Jamani, akasimama! Miguu iliyokuwa inakimbia ilisimama yenyewe, kichwa kikainama chenyewe, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Akangoja Amina.

Mwinjilisti aliwaombea wagonjwa. Nakijwa akangoja. Akaiombea mbegu iliyo ardhini. Nakijwa akangoja, anahema. Akaiombea serikali, akawaombea walio safarini. Nakijwa akangoja, machozi yanamtoka. Mwishoni akamwombea Nanzighe mke wa Kiondo, Bwana amguse, amrudishe katika ushirika wa watakatifu. Kanisa zima likaitikia Amina, na iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Kiondo, maana alikuwa na sauti nene.

Ndipo Nakijwa akapiga yowe. Yowe lake lilikutana hewani na mshindo wa ukuta wa ndiva.

Nyumba tatu zilizolewa. Mbili zilikuwa tupu, wenyewe wako kanisani. Ya tatu haikuwa tupu. Nanzighe walimkuta chini sana, kwenye mibuni, amelala kifudifudi. Mama mkwe alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kanga mbili kama mtoto mchanga, na fundo lilikuwa bado halijafunguka. Kutoka mlango wa nyumba ile hadi mahali pa juu ni hatua kumi. Peke yake angefika. Kila mtu aliliona hilo na hakuna aliyelisema.

Walizikwa siku moja. Jumapili iliyofuata, mtu mmoja ambaye nyumba yake ilikwenda na maji alisimama kutoa ushuhuda. "Namshukuru Mungu. Ningekuwa nyumbani ningekufa. Ibada imeniokoa!" Watu wakaitikia Amina. Kiondo akakifunga kitabu chake cha nyimbo, akatoka nje, na hakuna aliyemfuata.

Kiondo hakuwa mtu wa visasi. Alichotaka ni kusamehe, maana moyo wake ulikuwa umemjaa na alijua asipoutua mzigo huo utamuua. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba.

Akaenda kwa Mbazi. Akakaribishwa, akapewa kiti, akakaa.

"Mzee Mbazi, nimekuja tupatane."

"Mwanangu Kiondo, tupatane kwa lipi? Miaka ishirini na minane niliilinda ndiva ile, mvua na jua. Aliyenitoa kazini ni nani? Mimi nilisimamishwa kama mwizi wa kuku mbele ya wajukuu wangu. Niliambiwa siku ya Bwana si ya tope, nikatii. Mtii ana kosa gani? Nenda kwa aliyenikataza."

Akaenda kwa Nakijwa. Akakaribishwa, akapewa kiti, akakaa.

"Shemeji Nakijwa, nimekuja tupatane."

Nakijwa akaanza kulia kabla ya kujibu. "Shemeji, katika kijiji kizima aliyekimbia ni mimi peke yangu! Ningepita njia yangu kimya, leo nani angenitaja? Angalia viganja vyangu. Nilifunzwa nisivunje maombi, sikuyavunja. Yule mzee aliyaona maji tangu asubuhi akaenda kupendeza kanisani. Nanzighe alikuwa shoga yangu, na mimi nimefiwa. Usinibebeshe na hili."

Akaenda kwa Elinihaki. Akakaribishwa, akapewa kiti, akakaa.

"Mwinjilisti, nimekuja tupatane."

Elinihaki akasema, "Ndugu Kiondo, sitakuficha. Nilifumbua jicho nikamwona Nakijwa mlangoni. Nikadhani ni uchelewaji wake wa kila siku. Nikayarefusha maombi kidogo, apate kujifunza. Lakini niambie wewe: kuomba kumekuwa dhambi tangu lini? Mbazi nilimkataza tope, sikumkataza kuokoa watu. Angekwenda alfajiri, akanawa, akaja, nani angemuuliza? Na Nakijwa alikuwa na mdomo. Kondoo akitumbukia shimoni siku ya sabato si anatolewa? Hayo niliwahubiria mimi mwenyewe, katika kanisa lile lile."

Kiondo akamshukuru kwa kiti, akarudi alikojengewa kibanda.

Mwezi haukupita, Mchungaji akapanda mlima. Meza ikaandaliwa, kitambaa cheupe, mkate na kikombe. Mchungaji akasoma, akawaalika watu waje. Waliokuwa mbele wakainuka. Kiondo naye akainuka, ila hakusogea.

"Mchungaji, niwie radhi. Imeandikwa nikiwa na neno na ndugu yangu, niiache sadaka yangu, nikapatane naye kwanza, ndipo nije. Nimekwenda. Nimekwenda nyumba tatu, na katika nyumba zote tatu hakuna aliyekosa. Sasa nipatane na nani? Mke wangu amekufa, mama yangu amekufa, na hakuna aliyekosa!"

Waliokuwa wameinuka wakaketi tena.

"La kwangu mimi nalijua," Kiondo akasema. "Mke wangu alikuwa anamgeuza mama yangu mimi, nami nikaacha aitwe aliyepoa. Alipoombewa niliitikia Amina kuliko wote. Hilo ni langu, nimeshalibeba. Lakini ninao msamaha hapa, Mchungaji, umenilemea, na siwezi kuuweka chini wala kuutupa. Sitaki watatu. Mmoja tu ainuke aseme, ni mimi. Mmoja tu! Huyo nitamkumbatia hapa hapa, wengine nitawahesabu ndugu kama zamani, nami nitakunywa kikombe hiki pamoja nao. Asipoinuka mtu, sitakinywa leo wala kesho."

Mchungaji, mzee wa watu, alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema, "Mmesikia. Tutangoja."

Wakangoja. Mbazi alimtazama Mwinjilisti. Mwinjilisti alimtazama Nakijwa. Nakijwa alimtazama Mbazi, kisha akatazama sakafu. Mama yangu alikaa benchi la tatu, na aliniambia kwamba mara moja alisikia benchi likilia nyuma yake kama mtu anayetaka kuinuka. Akageuka upesi. Kila mtu alikuwa amekaa.

Jua likasogea dirishani. Mtoto mmoja akalala, mwingine akaomba maji. Mwishowe mikono ya Mchungaji ikachoka, akakirudisha kikombe mezani, akaendelea na ibada kwa sauti ndogo. Kiondo akachukua kofia yake, akatoka.

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Kila Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la mwisho, na besi yake ilisikika. Kila Meza ilipoandaliwa, aliinuka akatoka nje. Alikufa hivyo hivyo, hajakinywa. Na wale watatu walikinywa kila mara, mpaka walipokufa nao mmoja baada ya mwingine.

Basi mmesikia. Mbazi aliyaona maji akaenda kuomba. Nakijwa alikimbia, akafika, akangoja Amina. Elinihaki alifumbua jicho, akaendelea kuomba. Na msiniambie wote watatu, hiyo ni njia ya kukimbia swali, na Kiondo alikwisha kusema mmoja anamtosha. Wala msiniulize mimi. Mama yangu nilimuuliza mpaka siku ya mwisho akiwa kitandani, nikimgeuza, na hakunijibu.

Kikombe kimeshikwa, mikono inachoka, Kiondo amesimama na msamaha wake anangoja. Je, ni nani aliyestahili kuinuka aupokee?