Ndege Nyuki Juu ya Singo

Wewe uliyebana midomo hapo mwisho wa mkeka, iachie au uondoke nayo. Hata sijaanza, umeshaona uongo. Unadhani mtu aliyeishia darasa la saba hawezi kusimulia jambo aliloliona kwa macho yake? Nilikuwepo. Kaa usikilize. Kubisha utabisha mwisho, maana mwisho ndipo nitakapokuhitaji.

Hapo zamani, na zamani yangu si ya mababu, ni ile miaka ndege nyuki, hizi droni zenye kamera, zilipoanza kuuzwa madukani kama redio, jiji letu lilitoa kanuni za kuzirusha. Zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa wetu wa Kisimani, karatasi moja, gundi nyingi. Usirushe usiku. Usirushe mahali ambapo huioni kwa macho yako. Usirushe juu ya mkusanyiko wa watu. Na kabla ya kupita juu ya nyumba za watu, umuulize mjumbe wa mtaa.

Alikuwepo fundi redio mmoja, Shekue, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyejinunulia kindege cha kujifurahisha. Jumamosi wenzake wanakwenda mpirani, yeye anarusha. Na kanuni alizishika kuliko aliyeziandika. Kila Ijumaa alimwendea mjumbe wetu, Mzee Kibwana, akamuuliza swali lilelile: kesho kuna mkusanyiko? Akiambiwa kuna msiba, harushi. Akiambiwa kuna maulidi, harushi. Akiambiwa hakuna, anarusha.

Mwaka huo Mwanamize, binti wa jirani yangu, akaposwa. Ikafika siku ya singo. Kwa msiojua, na naona mko wengi, bibi harusi huketishwa uani akasuguliwa liwa, rojo la mti wa manukato, mwili mzima mpaka ngozi ing'ae, na hapo ni wanawake watupu. Mwanamume haambiwi siku. Akiijua, haisemi. Hata akimwona mkewe anatoka asubuhi na kanga mpya na sinia la vitumbua, hamuulizi waenda wapi. Anaangalia ukutani. Ndivyo tulivyolelewa.

Singo ikapangwa Jumamosi.

Ijumaa Shekue akaenda kwa mjumbe. Kesho kuna mkusanyiko? Mzee Kibwana anajua. Mkewe amepiga pasi kanga mbele yake. Akaangalia ukutani, akasema hakuna.

Jumamosi saa nne, uani. Somo wa bibi harusi, yaani mwanamke anayemfunda na kumlinda mpaka siku ya ndoa, alikuwa Bi Mwanasiti. Kazi yake ya kwanza ni kufunika ua kwa turubai, na alilifunga vizuri, kamba nane. Lakini jua la siku ile lilikuwa na ubaya wake. Chini ya turubai pakawa tanuri. Liwa ikachuruzika badala ya kukauka, Mwanamize akalegea shingo. Bibi harusi kwenye singo hasemi wala hainuki, ila alinong'ona: "Somo, nazimia." Bi Mwanasiti akafungua kamba zote nane. Turubai likakunjwa, likawekwa chini, na bibi watatu wanene wakalikalia papo hapo, maana mikeka haikutosha.

Saa nne hiyohiyo, barazani, Shekue akarusha. Nyuma yake wanaume wanne, shingo mbele, wanatazama picha kwenye simu aliyoipachika juu ya rimoti. Mzee Kibwana yumo. Mzee Sefu, mjomba wa bwana harusi, naye yumo.

Kindege kikapita paa la kwanza, kikapita la pili, kikapita la tatu. Baada ya la tatu ni ua. Na uani ni Mwanamize, mgongo wazi mpaka kiunoni.

Shekue akafanya jambo ambalo mtu aliyelelewa angefanya. Akafumba macho, akaziba uso kwa mikono yote miwili. Sasa nisikilizeni vizuri. Kindege kile ukiachia rimoti hakianguki wala hakiondoki. Kinasimama palepale angani, kinangoja. Kikasimama juu ya Mwanamize, na simu ikabaki mapajani mwa Shekue, picha inawaka, na wale wanne hawakukumbuka kwamba nao wana mikono.

Uani wanawake wakakimbilia turubai. Limekaliwa. Kuwainua bibi watatu si kazi ya mara moja. Mpaka Bi Mwanasiti alipovua kanga yake mwenyewe akamfunika mwari wake, Mzee Sefu alikuwa ameshamtambua mtoto wa watu, na alikuwa njiani kwenda kwa dada yake. Kindege, betri ilipokaribia kwisha, kilirudi chenyewe, kikatua miguuni pa Shekue kama kuku anayerudi bandani.

Dada huyo wa Mzee Sefu ni Bi Nuru, mama wa bwana harusi. Kwanza alimmaliza kaka yake, akamuuliza kama kope aliumbiwa za kupepea nzi. Kisha akatuma neno kwa kina Mwanamize:

"Mkwe wangu sina ugomvi naye. Lakini ametazamwa, na lazima awepo wa kusema kosa ni langu. Aje mlangoni kwangu Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri. Mmoja. Wakija wote watasema tulikosa, kisha kila mtu ataenda kwake kula. Asipokuja, posa nairudisha."

Siku zikaenda. Alhamisi baba wa Mwanamize akawaita watatu sebuleni.

Shekue akasema yeye kanuni aliifuata, aliuliza na akajibiwa. "Na nilipoona, nilifumba macho. Mlitaka nimtazame mtoto wa watu?"

Bi Mwanasiti akamwambia ndiyo, angemtazama kidogo tu akakiondoa hicho kidude chake, angekuwa ametazama yeye peke yake.

Mzee Kibwana akasema: "Tangu lini mwanamume akatangaza singo? Ningesema ipo, mngeniita sina haya. Nimenyamaza kama baba yangu alivyonyamaza."

Shekue akamwambia angesema tu kesho usirushe, basi, asitoe sababu. Mzee Kibwana akaangalia ukutani.

Bi Mwanasiti akasema: "Mimi nimemwokoa mtoto asizimie. Ua ni wetu, ukuta mrefu, na tangu nizaliwe mbinguni hapakuwa na jicho la fundi redio."

Mzee Kibwana akamkumbusha kwamba kanuni zimebandikwa mwaka mzima, na somo anayelinda mwari zama hizi alinde na juu. Bi Mwanasiti akamuuliza zimebandikwa wapi, kama si huko ofisini wanakoshinda wanaume.

Hapo Mwanamize, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, naye hakutakiwa kusema:

"Mzee ulinistahi. Fundi ulinistahi. Somo ulinihurumia. Hakuna aliyenitakia mabaya. Ndiyo maana nimekaa hapa na hina mikononi, sijui kama nina mume."



Ijumaa, adhuhuri inakaribia. Bi Nuru amekaa mlangoni kwake, kiti kimoja, barua ya posa mapajani. Kwenye kona ya uchochoro wamefika watatu, kila mmoja kaja kivyake, kila mmoja kavaa nguo safi, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Muadhini ameshawasha kipaza sauti. Anakohoa.

Je, nani alistahili kwenda kupiga hodi?

Wewe wa mwisho wa mkeka, ulibana midomo, sasa iachie. Usiniambie wote, Bi Nuru ameshaikataa hiyo. Na asiniulize mtu siku ile nilikuwa nimekalia nini. Nataka jina moja. Mimi natoka. Mlango naufunga kwa nje, na siufungui mpaka nilisikie.