Nyota ya Nakundwa na Kufuli la Kamati

"Mpambaji hujulikana siku ya kuvua." Mmelisikia neno hili juzi kanisani, tulipokuwa tukishusha mapambo, mkauliza nani alilisema kwanza. Vizuri mmeuliza, kwa sababu lina siku yake na lina mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka wa themanini na nane, hapa hapa Kwamshai. Saa nne asubuhi stoo ya kanisa ilifunguliwa, na Noeli ikaharibika pale pale mlangoni. Kati ya waliosimama kungoja alikuwamo Mzee Mrutu, kofia mkononi. Mkewe, Nakundwa, alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Nguo zake ndugu walikwisha kugawana siku ya kuondoa matanga. Kitu cha mkono wake kilichobaki duniani kilikuwa kimoja: nyota ya buluu ya kanisani, aliyoishona kwa upindo wa gauni lake la harusi. Mrutu hakuja kupamba. Alikuja kuiona.

Miaka kumi na minne mapambo yale yalilala nyumbani kwao. Minyororo ya karatasi, malaika, nyota, vyote viligandishwa na kukazwa kwa uji wa muhogo, maana gundi ya dukani ingenunuliwa na nani? Ikipita Epifania, sikukuu ya tarehe sita Januari, Nakundwa alikaa uani siku mbili akiukwangua ule uji kwa kisu butu, akipangusa, akianika. Kisha alivifunga kwa majani ya mwarobaini, akalining'iniza sanduku kwenye boriti kwa waya, na katikati ya waya akapitisha kopo lililotobolewa, akalipindua, ili panya akishuka ateleze.

Sasa, Januari ya mwaka ule, kamati ilinunua kufuli. Na kamati ikishanunua kufuli, lazima itafute cha kufungia. Mwenyekiti wao, Bwana Senzighe, akaja uani na watu wawili.

"Mali ya kanisa haikai nyumbani kwa mtu, mama. Kamati imeamua."

"Sikatai, baba," Nakundwa alijibu, kisu mkononi. "Nipeni siku mbili nimalize kukwangua. Panya hana shida na karatasi, anafuata uji."

"Panya atafungua kufuli?"

Wale wawili wakacheka. Sanduku likabebwa vile vile, nyota ikiwamo, na uji wake na unyevu wake, likatuliwa stooni juu ya magunia ya sadaka ya mavuno. Ufunguo ulikuwa mmoja, na Senzighe akauvaa shingoni kama hirizi. Mrutu aliyaona yote, akanyamaza. Kunyamaza kule kulimla kuliko panya.

Basi Desemba kufuli likafunguliwa, zima, linang'aa, halina hata kutu. Senzighe akainua kifuniko cha sanduku. Kwanza ilitoka harufu, kisha wakatoka panya wenyewe, watano, bila haraka, kama wenye nyumba. Mle ndani hamkuwa na malaika wala mnyororo. Mlikuwa na vipande vidogo vidogo na viota.

Mrutu akapiga magoti, akachakura kwa mikono miwili. Kila kitambaa alichokiokota hakikuwa cha buluu.

"Tutatengeneza mengine," alisema Senzighe. "Wapambaji tunao wengi."

"Wengi sana!" Mrutu akainuka. "Siku ya kupamba kila mtu ana ngazi, kila mtu ana nyundo, na wewe unasimama mbele unapigiwa makofi. Siku ya kuvua ulikuwa wapi? Mwenzenu aliomba siku mbili tu, mkamcheka. Mpambaji hujulikana siku ya kuvua, bwana mwenyekiti!"

Senzighe alikuwa anautazama ufunguo wake.

Ndipo mwimbaji mmoja, Mama Naetwe, aliyeinua uso ili asimtazame Mrutu akilia, akapiga kelele: "Jamani, kule juu ni nini?"

Kwenye boriti ulining'inia waya. Katikati ya waya, kopo lililopinduliwa. Chini ya kopo, kifurushi. Wakaleta ngazi, Mrutu akapanda mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Alipokifungua majani yakamwagika, majani ya mwarobaini, na yalikuwa bado na ubichi. Ndani yake ilikuwamo nyota ya buluu, nzima. Uji wote umekwanguliwa, hadi kwenye mishono.

"Nani kaifanya hivi?" Mrutu aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Mimi tangu Januari sijafungua mlango huu," alisema Senzighe, mbio mbio, kabla mtu hajamtazama.

Noeli ile kanisa lilikuwa na pambo moja tu, na Mrutu alikaa benchi la mbele tangu kengele ya kwanza. Kuanzia hapo kamati ilijifunza: Epifania ikipita, wanakwangua wao, na anayetaka kukimbilia nyumbani anaambiwa neno la Mrutu.

Mpambaji hujulikana siku ya kuvua. Hilo sasa mnalielewa. Lakini Senzighe alikufa akishikilia kwamba hakufungua, na majani ya mwarobaini hayakai mabichi tangu Januari hadi Desemba. Ufunguo ulikuwa mmoja. Sasa ninyi mliosoma, niambieni: ile nyota aliikwangua nani?