Kofia ya Inspekta Shekiondo

Hapo zamani, zamani ya televisheni zenye mgongo mkubwa na antena za kuzungushwa kwa mkono, palikuwa na mchezo wa upelelezi ulioitwa Nyayo za Shekiondo. Ukianza, mji wa Tanga ulinyamaza. Wauza mishkaki waliacha nyama motoni, wakaenda kuchungulia madirishani kwa watu. Inspekta Shekiondo hakuwa mtu wa kukimbiza wahalifu wala wa kupiga watu makofi. Aliingia, akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akauliza swali moja. Kisha alikaa kimya. Waongo walikuwa hawakiwezi kile kimya chake. Mwishowe walisema wenyewe.

Miaka ikaenda. Mchezo ukakoma, mwigizaji wake akazeeka, akafa. Lakini kule Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, walibaki watu ambao Shekiondo hakuwatoka vichwani. Kila Ijumaa baada ya swala walikutana kwenye mgahawa wa Zaina, wakala pilau, wakaanza kubishana juu ya sehemu moja tu ya mchezo ule: sehemu ya Mshonaji.

Walikuwa na sababu ya kukutana kwa Zaina. Aliyeigiza yule mshonaji alikuwa mama yake, marehemu Salha. Salha aliigiza mara moja tu maishani mwake, na siku ya mwisho ya kurekodi mwigizaji wa Shekiondo alivua kofia yake, akamkabidhi, akasema, "Mama, umetuzidi sote." Kofia ile, ya kijivu yenye utepe mweusi, ilining'inia ukutani juu ya kaunta ya Zaina. Hapakuwa na shabiki aliyeingia pale asiitazame kwa tamaa.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Tajiri wa mkonge anakutwa amekufa chini ya ngazi za ghala lake. Juu ya ghala kuna mshonaji, na mlango wake unatazamana na ngazi. Shekiondo anapanda, anaketi, anaweka kofia gotini. Anamwambia, "Sema, Bi Mshonaji." Yule mama anakaa, anakaa, halafu anajibu neno moja, na mchezo unaishia hapo.

Neno gani? Jioni ile ilipoonyeshwa, mvua ilipiga mabati Tanga nzima, na sehemu ile haikurudiwa tena. Nusu ya mji ilisikia, "Sikumwona." Nusu nyingine ilisikia, "Sikumwonya." Kama alisema sikumwona, basi alikuwa mwongo aliyemficha muuaji. Kama alisema sikumwonya, basi alimwona muuaji akivizia, akaogopa kumwonya tajiri, na sasa anajuta.

"Sikumwona!" alikuwa akisema Bi Mwanakheri, mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. "Mwongo yule. Nilimtazama machoni."

"Sikumwonya," alikuwa akijibu Mzee Singano, taratibu, huku vidole vyake vikitafuta ukingo wa sahani. Mzee Singano hakuona tangu utotoni. Mchezo wote aliufuata kwa masikio, na neno aliloshika mara moja halikumtoka. "Wewe Mwanakheri ulitazama. Mimi nilisikiliza. Nilikuwa nakaa chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa, mabati yako juu huko. Mvua haikunifikia."

"Nyinyi nyote mnapoteza muda," alikuwa akimalizia Fundi Mdoe, aliyetengeneza redio na televisheni mtaa wa pili. "Nileteeni mkanda, niwaonyeshe."

Na mkanda haukuonekana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Ijumaa hadi Ijumaa.

Sasa Ijumaa moja Bi Mwanakheri alizidisha. Akagonga meza, akamgeukia Zaina aliyekuwa akipakua wali. "Hebu tuamulie, mwanangu. Mama yako alisema nini?"

Zaina aliweka mwiko. Alikuwa mwanamke wa kujiamini, anayeweza kumfukuza mlevi kwa jicho tu, lakini siku ile sauti ilimtoka ndogo.

"Sijui, Bi Mwanakheri. Mama alifariki kabla sijajua kutembea. Nililelewa na bibi kijijini, Handeni, hakukuwa na umeme wala televisheni. Picha zake ninazo. Sehemu hiyo mnayoigombania sijaiona hata siku moja. Sauti yake siijui."

Watu wakaacha kula. Muda wote ule walidhani wanabishana na mtu anayejua jibu na kuwabania.

Zaina akanyoosha mkono ukutani. "Mnaitaka kofia ile. Msidhani sioni. Basi sikilizeni: atakayeniwezesha nimwone mama yangu akisema, kofia ni yake. Mtu mmoja. Si ya kugawana."

Bi Mwanakheri hakumaliza pilau yake. Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku alilolifunga tangu alipofiwa, akarudi na mkanda wa video uliofungwa ndani ya kanga. Akauweka juu ya meza.

"Uko humu," alisema. "Niliurekodi mwenyewe."

Mzee Singano alipoambiwa ni kitu gani, alishika kichwa. "Miaka yote hii, Mwanakheri! Miaka yote umekaa nao?"

"Nimekaa nao, na sioni haya," alijibu. "Mwanzo wa mkanda huu ni harusi yangu. Mume wangu Kibwana yumo humo, anacheka, anacheza. Deki yangu ya video ilikufa kabla sijaurudia, kisha naye akafa. Ningeuazima, ungerudi? Mkanda gani uliwahi kurudi Ngamiani?"



Fundi Mdoe aliuchukua mkanda, akautazama kwenye mwanga, akakunja uso. Ukungu mweupe ulikuwa umeshika kingo zake. Alikuwa na deki moja nzima, na ndiyo iliyomlisha: watu walimletea mikanda ya harusi na ya maulidi, akaihamishia kwenye kompyuta.

"Bi Mwanakheri," alisema, "nitasema ukweli. Uchafu huu utaua kichwa cha deki yangu, kile kinachosoma mkanda, na kichwa kingine sijui nitakipata wapi. Naweza kupitisha kipande kimoja kabla kichwa hakijafa. Ama harusi, ama Shekiondo. Chagua."

Bi Mwanakheri aliviringisha pindo la kanga kidoleni, akaliviringua, akaliviringisha tena. Zaina alimshika bega.

"Mama, chukua harusi yako. Mimi nimeishi bila sauti ile, nitaendelea kuishi."

"Nyamaza, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri. "Mimi Kibwana nilimsikia akicheka maisha yangu yote. Fundi, anza na Shekiondo."

Mdoe akafanya kazi. Aliusafisha mkanda kwa pamba, sehemu kwa sehemu, mpaka macho yakamwuma. Alipoona amechoka kungoja ukauke, akautia kwenye deki. Deki ikaunguruma, ikapitisha kile kipande chote, halafu kichwa kikafa kama alivyosema. Picha ilikuwa imenaswa kwenye kompyuta. Mdoe alirudi mgahawani Ijumaa iliyofuata akitembea kifua mbele, akaunganisha nyaya kwenye televisheni ya Zaina. Watu walijaa hadi mlangoni.

Na Salha akatokea.

Alikuwa ameinamia cherehani. Alikata uzi kwa meno ya pembeni, vilevile anavyokata Zaina, na watu waliomjua Zaina wakapiga vigelegele. Zaina alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alimwona mama yake akipanga kitambaa. Alimwona akiinua uso. Alimwona akifungua mdomo, na midomo ikaenda, ikaenda, bila sauti yoyote.

"Ongeza sauti, Fundi."

Mdoe alitikisa kichwa. "Sauti hakuna. Kwenye mkanda sauti hukaa ukingoni, na ukingo umeliwa."

"Umeliwa na ukungu," aliuliza Bi Mwanakheri, "au na deki yako?"

"Na ukungu!" alisema Mdoe. Lakini hakumtazama usoni.

Zaina alirudi kwenye kioo. Alimtazama mama yake akizungumza na mtu mwingine ndani ya kioo, na machozi yakaanza kumtoka. Ilikuwa kama kusimama nje ya dirisha lililofungwa.

Ndipo Mzee Singano alipoinuka kwa fimbo yake. "Irudishe mwanzo," alisema. "Zaina, njoo ukae karibu nami. Niambie anachofanya, nami nitakwambia anachosema."

Mdoe akairudisha.

"Anakata uzi," alisema Zaina.

"Hapo hasemi. Anaguna tu. Mmh."

"Ameinua uso, Mzee. Anatabasamu kidogo."

Mzee Singano alisafisha koo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyepesi, ya mwanamke wa Tanga anayevuta mwisho wa maneno. "Karibu, baba, kiti hicho kibovu, kaa hiki. Suruali ya kupunguza au ya kuongeza?" Kwenye kioo midomo ya Salha ilikwenda naye sawasawa, neno kwa neno, hadi pumzi. Wazee waliowahi kumjua Salha wakashikana mikono. Mmoja akasema, "Ndiye. Ndiye huyo huyo."

Waliendelea hivyo hadi mwisho, Zaina akisimulia kwa macho yake, Mzee akimpa sauti. Shekiondo akaweka kofia gotini. "Sema, Bi Mshonaji."

"Yuko kimya," alinong'ona Zaina. "Anatazama... Mzee, hatazami ngazi. Anatazama viatu vya marehemu, vile ulivyosema tajiri alimletea avishone. Sasa anafungua mdomo."

"Sikumwonya," alisema Mzee Singano kwa sauti ya Salha.

Salha akafunika uso kwa mikono yake, na picha ikakatika.

Bi Mwanakheri alijipiga paja. "Wonya! Ee Mola wangu, wonya! Mwongo anatazama mlango, huyu anatazama viatu vya maiti. Nimeshindwa, Singano. Mwaka huu wote nitakula bila kubisha." Watu wakacheka, wakalia, wakataka irudiwe, nayo ikarudiwa.

Kelele zilipotulia, Fundi Mdoe alikuwa wa kwanza kutazama ukutani.

"Kofia ile ni yangu," alisema, "na sababu ninayo. Zaina alisema, 'nimwone mama yangu.' Nani kamwonyesha? Mkanda ulikuwa takataka yenye ukungu. Nimetoa deki yangu, mkate wangu, na leo dukani nina deki iliyokufa. Wengine walitoa walichokuwa nacho sandukani. Mimi nilitoa nilichokuwa nakula."

"Na harakaharaka yako ikala sauti," alisema Bi Mwanakheri. "Ungengoja ukauke vizuri, tungemsikia Salha mwenyewe. Kofia ile ni yangu, na sababu ninayo. Bila mkanda wangu, ungetengeneza nini? Singano angesemea kioo cheusi? Nimemwacha mume wangu ndani ya plastiki ile, na hakuna deki itakayomtoa. Nani hapa ametoa mtu?"

Mzee Singano aliketi wima, mikono juu ya fimbo. "Kofia ile ni yangu, na sababu ninayo. Zaina hakuomba picha. Picha anazo, kasema mwenyewe. Aliomba mama yake akisema. Mlipofika ninyi wawili mwanamke yule alikuwa bubu, na binti yake analia. Nilimfungua mdomo. Na wewe Mwanakheri, ungeutoa mkanda kabla ukungu haujauingia, sauti ingekuwepo, wala mimi nisingehitajika."

"Ndiyo kusema sauti si ya Salha," alidakia Mdoe. "Ni yako! Nani anajua kama hukujazia maneno?"

"Midomo imejua," alisema Mzee Singano. "Uliza wote waliotazama."

Wote walimgeukia Zaina. Alikuwa amepanda juu ya kiti na kuishusha kofia, akaipangusa vumbi kwa kiwiko. Alimtazama Bi Mwanakheri, akamwona ameshika mkanda wake kwenye kanga kama mtu aliyeshika kitoto. Alimtazama Fundi Mdoe, akaona vidole vyake vilivyochubuka kwa dawa ya kusafishia. Alimtazama Mzee Singano, ambaye hakumtazama mtu, ameinamisha sikio tu, akingoja kusikia hatua zake zinaelekea wapi. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Hata Zaina mwenyewe, ajabu, hakuwa na wasiwasi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na sauti ya mama yake masikioni, na akili yake ilikuwa imetulia.

Akashuka kitini. Akatembea hadi kwa mmoja wao, akamvika kofia kichwani, akairekebisha ukingo, akasema, "Ni haki yako."

Wale wawili walionyimwa waliruka pale pale. Wakasema Zaina amekosea, tena amekosea vibaya, na wakaahidi kurudi Ijumaa ijayo kumweleza kwa nini. Walirudi. Wanarudi hadi leo, na aliyevishwa huja nayo kichwani, akala pilau yake bila kujibu neno.

Alivishwa nani, msimulizi hawezi kuwatajia. Akiwatajia, mtaacha kufikiri. Semeni ninyi. Mmoja alitunza mkanda na kukiacha nyuma kicheko cha mumewe, lakini alichelewa. Mmoja alifufua picha na kuua kazi yake, lakini huenda mkono wake ndio uliopoteza sauti. Mmoja alirudisha sauti, lakini kwa koo lake mwenyewe. Kofia ni moja, na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja.

Je, kati ya hao watatu, nani aliistahili?