Kanzu ya Marehemu Pazi

Hii nimeletewa, nami naipitisha kama ilivyo. Ukimaliza kuisoma mtumie jirani yako, hasa yule ambaye siku hizi mnapishana bila salamu.

Palikuwa na mkulima wa mpunga aliyeitwa Kondo. Shamba lake lilikuwa bondeni, na katikati yake ilipita njia ya kwenda kisimani. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya Kondo na kabla ya baba yake Kondo. Kijiji kilikuwa na desturi yake: njia ya maji haifungwi, na mpita njia hanyimwi masuke yanayoenea mkono mmoja, akaukaange mpunga huo mchanga na kuwatwangia watoto pepeta.

Desturi hiyo ilimkera Kondo. Kila alipomwona mwanamke anapita na ndoo kichwani na masuke mkononi, roho ilimuuma.

"Mkono mmoja, mkono mmoja!" alimlalamikia mkewe, Mwanahamisi. "Kijiji kizima kina mikono mingapi?"

"Na wewe ulilelewa kwa pepeta za mashamba ya watu mpaka ukaota ndevu," mkewe akamjibu.

Kuifunga njia hakuthubutu, maana wazee wangemtenga. Basi msimu ulipoanza, mpunga haujachanua bado, akakaa akafikiri. Kila shamba lina sanamu la kutishia ndege. Yeye akaamua kutengeneza la kutishia watu.

Tumpe haki yake: mikono alikuwa nayo. Alichukua boga kubwa, akalikwangua ndani likabaki ganda, akalitoboa macho mawili na mdomo wenye meno. Akafunga miti miwili ikawa mwili na mabega. Vidole vilikuwa vya makuti makavu, vyenye kuchakacha hata kwa upepo mdogo. Ndani ya boga akaweka kigae cha chungu chenye makaa ya moto, na macho yakawaka mekundu. Ikabaki nguo. Akafungua sanduku, akatoa kanzu nyeupe.

Kanzu hiyo ilikuwa ya Pazi, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyefariki mwaka uliopita. Arobaini ilipokwisha, nguo za marehemu ziligawiwa kama ilivyo ada, na mjane wake, Bi Sikudhani, akampa Kondo kanzu yake ya sikukuu ya Idi kwa mikono miwili. "Uivae, shemeji," alimwambia. "Nikikuona nayo nitafarijika." Kondo hakuivaa hata siku moja, kwa kuwa ilimbana tumboni.

"Yaani boga ndilo unalivalisha kanzu ya Pazi?" Mwanahamisi akauliza.

"Pazi hayumo humu. Hii ni nguo tu."

"Haya. Litakurudia hilo, baba Zaina."

Kondo akacheka. "Kinyago nikichonge mwenyewe, halafu kinitishe?"

Jioni akalisimamisha kando ya njia, akajibanza nyuma ya kibanda cha shambani. Wanawake waliokwenda kuteka maji walirudi mbio, ndoo huku, kanga kule. Kesho yake asubuhi Kondo alikuwa amekwisha kulificha sanamu, na kijiji kizima kilikuwa na habari moja: shamba la Kondo limeingiwa na mashetani.

Watu walipomuuliza, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hata mimi nashangaa. Mimi wamenizoea. Ninyi, sijui."

Jioni ya pili Bi Sikudhani alifuatana na wenzake kwenda kujionea. Wenzake walipokimbia, yeye alisimama akalitazama lile sanamu kwa muda, kisha akageuka akaondoka polepole. Tangu siku ile naye, kama wote, akawa anazunguka kilimani kwenda kisimani. Ni njia ndefu, yenye mawe, na magoti yake hayakuwa ya kijana.

Ndege, kwa taarifa yako, hawakushtuka. Na ngedere mmoja akaligundua mchana mafichoni, akalifanya boga lile kuwa kiti chake.

Lakini uongo mmoja huomba mwenzake. Siku moja wakata kuni wakamsikia mtu anakohoa pale shetani anaposimama, na kikohozi kikafanana mno na cha Kondo. Maneno yakaanza. Kondo alipoyasikia, akaenda mwenyewe barazani.

"Jamani, niwaonye," akasema. "Hawa wana tabia ya kuiga sauti ya mwenye shamba. Wanakohoa kama mimi, wanaita kama mimi. Mkisikia sauti yangu bondeni jioni, hata kama inapiga yowe, msije. Si mimi."

Watu wakatazamana. Katika kijiji kile yowe halikuwa jambo la mchezo. Ukilisikia unaacha tonge sahanini na unakwenda, hata kama aliyelipiga ni adui yako. Lakini mwenye shamba ndiye aliyesema, basi wakaafiki.

Mvua zikaja, zikaisha. Mpunga ukaiva, ukakauka vizuri, ukabaki kuvunwa tu. Ndani ya mpunga ule mlikuwa na chakula cha mwaka mzima na harusi ya Zaina, binti yao wa pekee. Mwanahamisi alikuwa amekwenda kijiji cha pili kwa dada yake, kupanga mambo ya harusi hiyo.

Jioni ile upepo ulikuwa mkali. Kondo alilisimamisha sanamu lake kama kawaida, akatia makaa, na kabla hajafika kibandani akasikia kishindo. Sanamu lilikuwa limeanguka, boga likapasuka. Makaa yakamwagika kwenye mpunga, na mpunga ukashika.

Kondo alivunja tawi bichi akaanza kuupiga moto. Akiuzima hapa, unazuka pale. Akajipa moyo kwamba utaishia kwenye njia, kwa sababu njia ya kisima tangu zamani ilikuwa pana na kavu, udongo mtupu uliokanyagwa na miguu ya watu. Akageuka kuitazama. Njia haikuwapo tena. Msimu mzima haikupitwa na mtu, nyasi zikaota, zikarefuka, zikakauka. Moto ukavuka ng'ambo kama unakwenda kwao.

Hapo Kondo akapiga yowe.

Watu walisikia. Walitoka na ndoo na matawi mabichi mpaka ukingo wa bonde, wakasimama hapo. Kutoka chini Kondo aliwaona wamejipanga.

"Ni Kondo!" mmoja akasema.

"Si yeye. Mwenyewe alituambia."

"Mbona anamlilia mama yake kwa jina?"

"Hata hilo wanaiga."

"Ni mimi!" Kondo akapasua sauti. "Wallahi ni mimi!"

Akawaona wote wanarudi nyuma hatua moja. Akaanza kulia.

Kisha mtu mmoja akachomoka kwenye ule mstari. Alikuwa Bi Sikudhani, kanga kaifunga kiunoni, anateremka bondeni bila kukimbia. Alimpita Kondo bila hata salamu, akaenda moja kwa moja kwenye sanamu lililolala, akaivuta kanzu kutoka kwenye miti kabla moto haujaifikia. Akaiinua juu kwa mikono miwili ili waliosimama waione.

"Njooni!" akawaita. "Huyu ndiye shetani wenu! Hii ni kanzu ya mume wangu! Kiraka hiki cha kwapani nilikishona mimi!"

Wakaitambua kanzu. Halafu watu wakamiminika bondeni, wengine wakisonya, wengine wakimtukana Kondo huku wanamzimia moto. Waliokoa nusu ya shamba. Wazee wakaenda kuikagua ile njia iliyokuwa imeota nyasi. Waliitazama, wakamtazama Kondo, wakaondoka.

Kondo alibaki amekaa kwenye majivu.

"Shemeji," akasema, "kumbe ulijua?"

"Tangu jioni ya pili."

"Na hukuogopa?"

"Kanzu niliyoifua kwa mikono yangu miaka yote ile itanitishaje?"

"Mbona hukusema?"

Bi Sikudhani alikuwa anaikunja kanzu. "Ningesema, ningekuvua nguo mbele ya kijiji. Pazi alikupenda, asingeridhika. Lakini kupita pale kila siku nikaione kanzu yake imevalishwa boga, hapo nilishindwa. Nikazunguka kilimani."

Kondo akainama, akaokota vipande vya boga.

Siku iliyofuata alishika jembe akaiparura njia ya kisima, mwanzo mpaka mwisho, peke yake. Harusi ya Zaina ilifungwa, ndogo, kwa mpunga uliobaki na sahani zilizoletwa na majirani. Asubuhi ya harusi Bi Sikudhani alibisha hodi, kashika kanzu imefuliwa na kupigwa pasi. Doa la moshi kifuani lilikuwa limegoma kutoka.

"Safari hii uivae," akamwambia.

Kondo akaivaa. Bado ilimbana tumboni, na hakuivua mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.

Funzo: Usiwatishe watu wakaacha kupita kwako, maana njia isiyokanyagwa na jirani ndipo moto huvukia.