Pimbi Aja Kuchukua Mikono

Hapo zamani za kale, kale kabla mimi sijaanza kuwa na maoni juu ya kila kitu, wanyama walikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na mkutano kila Ijumaa, kando ya kisima. Kisima kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimejaa tope.

Nasema maoni kwa sababu mnanijua. Shule niliishia kidato cha kwanza, ila maoni yangu yameendelea mpaka chuo kikuu. Basi msinicheke, sikilizeni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo. Kulia kwake alikaa Nyati, kushoto Ngiri. Nyuma kabisa, juu ya jiwe, alisimama Bi Pimbi, mfupi kama mimi. Hata akisimama, wenzake walimwambia, "Simama basi tukuone!"

"Hoja ya leo ni kisima," alisema Tembo. "Tope litolewe!"

"Naunga mkono!" akafoka Nyati.

"Naunga mkono mia kwa mia!" akasema Ngiri, macho ameyafumba, usingizi haujakatika.

Wakapiga miguu chini, vu! vu! vu! Hoja ikapita kwa kishindo. Kisha kila mtu akaenda kwake kula. Ijumaa iliyofuata, hoja ile ile, kishindo kile kile. Miezi mitatu ikapita, na tope halikupungua hata kijiko.

Hata Bi Pimbi aliunga mkono, tena kwa sauti nyembamba nzuri, halafu akaenda kuota jua.

Alhamisi moja binti yake, Tatu, alirudi kutoka mtoni analia, mikono mitupu.

"Kibuyu kiko wapi?"

"Mamba, mama! Nimeinama kuteka, nikasikia kwap! Nikaachia."

Bi Pimbi akakaa chini. Leo Mamba amebaki na kibuyu. Kesho atabaki na nani?

Ijumaa ilipofika, alikuja mkutanoni na udongo mbichi, akaupaka juu ya lile jiwe lake lote.

"Mwenyekiti, nina ombi dogo."

"Dogo kama wewe?" Wote wakacheka, kwa kwa kwa!

"Dogo kuliko mimi, mzee. Kijiji cha pili wanasema huku hakuna wakubwa. Kila anayeunga mkono hoja ya kisima, abandike alama ya mkono wake hapa. Wapita njia waone mikono yetu ilivyo mikubwa!"

Hapo aliwashika. Yeye akabandika kwanza, kuwaonyesha namna. Nyati akaleta kwato, po!

"Yangu iwekwe juu ya ya Nyati!" akasema Ngiri. Siku hiyo usingizi ulimtoka.

"Ngoja zamu yako, bwana, unanisukuma!"

"Na mimi nibandike nini?" akauliza Tembo. "Sina mkono, nina mkonga."

"Mkonga ndio mkono wenyewe, mzee. Tena mkono mrefu kuliko yote."

Tembo akafurahi. Pwaa! Akajaza nusu ya jiwe.

Jumamosi alfajiri, mlangoni kwa Tembo, ngo! ngo! ngo!

"Hodi!"

"Nani tena saa hizi?"

"Ni Pimbi. Nimekuja kuchukua mikono."

"Mikono gani?"

"Mliyounga jana. Hoja iko kisimani, na mkono wako umeungwa kwenye hoja. Sasa unafanya nini hapa kitandani?"

Kelele zile zikawaleta Nyati na Ngiri. Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea.

"Bi Pimbi, mwanangu, kuunga mkono ni maneno tu. Watu husema."

"Maneno tu?"

"Maneno tu."

Bi Pimbi akamgeukia Nyati. "Bwana Nyati, hivi mzee wetu huyu aliupataje uenyekiti?"

"Si tulimuunga mkono?"

"Kwa kitu gani? Kwa jembe?"

"Aa, kwa maneno tu..." Nyati akageuka. Akakitazama kiti cha mwenyekiti pale barazani. Akakitazama tena, vizuri. Ngiri naye akakitazama.

Tembo akashuka kitandani, vu!

"Njooni," akasema. "Twendeni kisimani."

Wakafanya kazi. Tembo akavuta tope kwa mkonga, fyuuu! Ngiri akafukua kwa pembe zake, Nyati akashindilia kingo kwa kwato. Bi Pimbi? Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake lile lile.

"Kushoto kidogo! Siyo hapo! Kwa maoni yangu mimi..."

Ngiri akasimama, akafuta tope usoni. "Mwenyekiti, hiki kialama kidogo hapa jiweni, cha kwanza kabisa, ni cha nani?"

Wote wakatazama jiwe. Kisha wakamtazama Bi Pimbi.

"Cha... cha mpita njia?"

"Mpita njia mwenye vidole vya pimbi!" akasema Nyati. "Shuka, dada. Na sisi tumekuja kuchukua mkono."

Akashuka. Chubwi! Tope likamfika masikioni. Alichimba mpaka jioni, na shimo alilochimba lingetosha yai moja. Lakini maji hayakujali shimo ni la nani. Yakatoka, chururuu!

Tatu akaja na kibuyu kipya, akateka hapo hapo karibu na nyumbani. Akamtazama mama yake.

"Mama, mbona umekuwa rangi ya chungu?"

"Nimeunga mkono, mwanangu."

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imerudi. Nanyi shikeni hili: anayesema naunga mkono, aulete na mkono wenyewe.

Mbona mnanitazama mimi, halafu mnatazama masufuria? Haya, naenda. Asubuhi mama aliposema yaoshwe, niliunga mkono.