Jina la Mwisho Kwenye Mkanda wa Amana

Enyi mliohudhuria, mabwana kwa mabibi, mliokaa mbele na mliosimama nyuma, nawasalimu kwa heshima na kuwaomba ruhusa. Niazimeni masikio yenu kwa kitambo, nami nitawakabidhi kesi. Mkiweza kuikata, nyinyi ni mahakimu kunishinda mimi.

Hapo zamani, tena si zamani ya wafalme na majini, bali zamani ya mwaka mmoja ambao watu wa Tanga hawachoki kuutaja, palikuwa na mashindano yaliyoitwa Kizimba cha Usambara. Wapiganaji walikutana wawili wawili ndani ya kizimba cha waya, wakatumia ngumi, mateke, mieleka na kabali. Aliyezidiwa aligonga mkeka kwa kiganja, na mwenzake akamwachia papo hapo.

Mwanzilishi wake, Bi Salome Mntangi, mwalimu wa zamani wa judo, aliweka desturi isiyokuwapo kwingine. Kabla ya kengele, kila mpiganaji alimpa mwenzake mkono wa kulia na kusema, "Nakukabidhi mwili wangu, nirudishie mzima." Mwenzake alijibu, "Nimeupokea. Ni amana." Baada ya hapo walipigana, na walipigana kwelikweli.

Kila Desemba, jina moja lilichomwa kwa chuma cha moto juu ya mkanda wa ngozi. Halikuwa jina la aliyeshinda mara nyingi. Lilikuwa jina la aliyeitunza amana kuliko wote. Mwaka huo mkanda ulibakiwa na nafasi ya jina moja tu, kisha ungetundikwa ukumbini usiongezwe kitu milele. Nani asingeitamani nafasi ile?

Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka! Machi walipigana Korogwe, ndani ya ghala la mkonge, watu wamejaa mpaka juu ya marobota. Hatibu Shekalaghe, mkata mkonge wa palepale, akashinda. Juni walipigana Muheza, uwanjani, mvua ikanyesha tangu pambano la kwanza hadi la mwisho, na hakuna mtazamaji aliyeondoka. Zuberi Singano, mpakia machungwa, akashinda. Septemba walipanda Lushoto, watu wakashangilia ndani ya makoti mazito. Huko Nasra Hoza, mwanamke ambaye kwa miaka mitatu hakuwa ameshindwa, alibanwa mguu na mpiganaji mgeni. Akagonga mkeka mara moja, mgeni hakuachia. Akagonga mara ya pili; hakuachia. Alipogonga mara ya tatu ndipo alipoachiwa, goti limekwisha kuharibika. Mgeni yule alifungiwa maisha. Nasra alirudi kizimbani akichechemea, safari hii kama kocha, na mwanafunzi wake akawa Zuberi.

Ikafika Desemba, Tanga mjini, pambano la kufunga mwaka: Hatibu wa Korogwe na Zuberi wa Muheza.

Siku ya kupima uzito Hatibu alimtazama mwenzake kuanzia utosini hadi miguuni. "Kaka, hiyo mikono imezoea machungwa. Chungwa halijibu ngumi."

"Na mkonge je, huwa unajibu?" Zuberi akauliza. "Unasimama tu unakatwa. Kesho usisimame hivyo, watu wametoka mbali."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Hatibu mwenyewe akacheka.

Kesho yake walipeana mikono, wakakabidhiana miili, kengele ikalia. Raundi ya kwanza ikawa ya Hatibu. Raundi ya pili ikawa ya Hatibu. Katika raundi ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde ishirini, Zuberi alimzunguka kwa nyuma, wakaanguka pamoja, na mkono wa Zuberi ukakaza kabali shingoni mwa Hatibu. Hatibu angeweza kugonga mkeka. Hakugonga. Alikuwa akizihesabu sekunde akingoja kengele imwokoe, na alipofika kumi na moja alipoteza fahamu.

Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuliona hilo. Nasra, kwenye kona yake, aliuona mkono wa Hatibu ukilegea. Akapaza sauti, "Mwamuzi! Amezimia!" Kelele za watu zikaimeza sauti yake. Hapo akamgeukia mwanafunzi wake. "Zuberi, mwachie! Mwachie sasa hivi!"

Zuberi alikuwa na ushindi mikononi. Aliufungua mkono, akarudi nyuma, akapiga magoti. Mwamuzi akadhani Hatibu amejinasua. Hatibu akafumbua macho, kengele ikalia. Waamuzi wa meza wakajumlisha alama, na mkono wa Hatibu ukainuliwa juu.

Hatibu akaushusha.

"Msinipe," alisema. "Nilikuwa nimezimia. Nimeamka namwona Zuberi amepiga magoti mbele yangu kama anayeniombea dua. Mimi sikujinasua. Niliachiwa."

Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Pambano likaandikwa kuwa halina mshindi, la kwanza la namna hiyo tangu Kizimba kianzishwe. Lakini jiko la mkaa lilikwisha kuwekwa jukwaani, chuma kimo motoni, na ukumbi ulikuwa ukiita majina matatu kwa mpigo. Bi Salome akainua mkono.

"Wanangu, ngozi ina nafasi moja. Kila mmoja aseme haki yake, na asione haya."

Nasra akatangulia. "Shikamoo, Bi Salome. Mimi najua bei ya amana ikivunjwa; kwa goti hili napanda nayo ngazi kila siku. Niliona kabla ya wote, nikasema kabla ya wote. Niliamuru ushindi wa mwanafunzi wangu mwenyewe uachwe. Bila jicho langu, hawa wawili wasingekuwa na la kusimulia. Jina ni langu."

"Dada Nasra, jicho lilikuwa lako," alisema Zuberi, "lakini mkono ulikuwa wangu. Tangu Septemba umenifokea maagizo elfu, na wewe mwenyewe unalalamika kwamba silisikii hata moja. Hili ningeweza kutolisikia, na nani angenilaumu kwa kelele zile? Ushindi ulioachwa haukuwa wako. Ulikuwa wangu, nao ndio ambao ningejivunia mpaka uzeeni. Jina ni langu."

Hatibu akawainamia wote wawili. "Mlinirudishia pumzi, nami nawashukuru mbele ya watu hawa. Ila wewe Zuberi uliamriwa, na wewe dada uliona kwa macho. Mimi sikuamriwa na mtu, wala hapakuwa na shahidi ambaye meza ingemsikiliza. Mkono wangu ulikuwa juu tayari! Mwili niliopewa na Zuberi niliurudisha mzima, na ushindi usio wangu nikaurudisha pia. Jina ni langu."

"Ungegonga mkeka mapema," Nasra akamrukia, "tusingefika hapa! Huo nao ni utunzaji wa amana, kumwachia mwenzako mzigo wa kukuua?"

"Kosa hilo nalikiri," Hatibu akajibu. "Lakini nani kati yenu aliyekiri kitu leo kikamgharimu?"

Bi Salome aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa karibu wanasema uso wake ulikuwa wa mama aliyeona wanawe wote wamefaulu siku moja. Chuma kilikuwa kimeiva chekundu. Akaukunjua mkanda juu ya meza, akaiweka ncha ya kidole chake kwenye nafasi ile tupu.

Basi, mahakimu wangu: yuko aliyeona na kusema, yuko aliyesikia na kuachia, yuko aliyeinuliwa na kujishusha. Ngozi haina nafasi ya jina la pili. Je, nani alistahili?

Kisa hiki nilikipokea kwa mara ya kwanza kutoka kwa fundi wa ngozi aliyekishika chuma siku ile, Athumani Kihiyo wa Ngamiani.